Mti wa Kubebea Mashine

Muuzaji aligonga mfuniko wa mashine kwa pete yake, ko, ko, akasema, "Sikiliza mwenyewe, dada. Hicho ni chuma."

Alikuwa kijana mchangamfu, mwenye ndevu zilizonyolewa kwa ustadi, na sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Ilikuwa mwezi uliopita, asubuhi ya ukungu, katika duka moja la vifaa vya ujenzi mjini Lushoto. Nilikuwa nimekwenda kununua mashine ya kuchomelea. Mlio ule ulinipanda moja kwa moja kichwani, pamoja na hasira ambayo haikumhusu yule kijana hata chembe. Nikamwomba asigonge. Akacheka, akagonga tena.

Ninyi mnaonisoma hamjanikosea kitu, kwa hiyo nitawaeleza taratibu. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Ninatengeneza mageti na madirisha ya nyumba za watu, na siku ambazo hakuna geti ninaunga ekzosi na kuziba matundu ya bodi za pikapu zinazoshuka na kabichi kutoka Rangwi. Miaka yote ya kazi hii nimetumia mashine za kuazima. Hii ndiyo ingekuwa ya kwangu ya kwanza, na nilijua ninachokitaka. Kugonga mashine ili kusikiliza mlio wake nilifundishwa nikiwa na miaka kumi na moja, na aliyenifundisha ni mtu ambaye mpaka leo ninampa shikamoo yake huku nimeuma meno.

Kwetu ni juu ya Mlalo, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka sokoni, mlima mtupu. Umeme ulipofika kitongojini kwetu ulifika umechoka, ukaishia nyuma ya jiko letu, kwenye nguzo ya mwisho kabisa. Baada ya hapo ni mashamba ya maharage na msitu. Mchana taa yetu ilikuwa nyeupe kama ya watu wengine, lakini jioni, kila nyumba ya chini ikiwasha zake, yetu ilikuwa njano kama kiini cha yai. Mama alikuwa akiitazama na kusema, "Haya, wameshatoka shamba." Tulijua saa kwa kuitazama ile taa.

Mama alikuwa amesomea uchomeleaji chuo cha ufundi, msichana pekee katika darasa lake. Alipoolewa mlimani alipata kazi kwenye karakana ya mtu pale Mlalo sokoni, na mimi nilikua nikiijua harufu ya Mama kuwa ni harufu ya moshi wa kijiti cha kuchomelea, ule moshi mkali unaokaa kwenye khanga hata ikifuliwa. Watoto wengine wakinusa mama zao wananusa maziwa na kuni. Mimi wangu alinuka chuma kilichoungua, na nilikuwa nikilala nimeweka pua shingoni mwake.

Baba alikuwa mkulima. Kila mwaka wa mvua nzuri alipanda mikaratusi kwenye mteremko uliokuwa hauna faida kwa kitu kingine, na akinichukua kwenda kupalilia alinionyesha ile miche kwa fimbo. "Unaiona hii, Naomi? Hii ni mashine ya mama yako. Ikikua tunaiuza, tunanunua, anafanya kazi yake hapa hapa nyumbani." Nilidhani mashine inaota kama mti. Aliniacha nidhani hivyo mpaka nilipoanza shule. Alifariki nikiwa na miaka kumi, kwa homa iliyomchukua siku nne tu, na mikaratusi ikiwa imekaribia kukatwa.

Mwaka uliofuata mwenye karakana alihamia Korogwe na mashine yake. Mama akabaki na mikono na ujuzi bila kitu cha kuchomekea waya. Alinieleza hali yetu siku moja tukipukuchua maharage, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Upande wa Bumbuli shamba la chai lilikuwa linatafuta wachumaji. Mchumaji anakaa kambini, na chumba cha kambini ni cha kugawana na wageni kutoka kila mkoa, siyo mahali pa kumweka mtoto wa kike anayesoma. "Mashine ikipatikana na ikafanya kazi, ninabaki na wewe hapa. Isipofanya kazi, ninakwenda kwenye chai, na wewe unakwenda kukaa kwa Baba Mkubwa." Nikamuuliza kama miti ya Baba haitoshi. Akasema inatosha.

Siku iliyofuata alishuka peke yake kwenda Mlalo, kwenye duka lililokuwa na mashine mbili. Aliporudi alichukua kipande cha mkaa akanichorea sakafuni. Moja ilikuwa kubwa, ya waya wa shaba uliozungushwa ndani, nzito, yenye magurudumu. Nyingine ilikuwa ndogo yenye mkanda wa kuvaa begani, ya aina mpya wakati ule, wauzaji wakiiita inveta. Ile kubwa, alisema, inakula umeme mwingi kwa mkupuo mmoja. Pale sokoni itafanya kazi vizuri, lakini huku kwenye nguzo ya mwisho itakuwa kama kumnywesha ng'ombe kwa kijiko. Ile ndogo inavumilia umeme dhaifu. Halafu, na hili alilirudia mara mbili akinitazama kama naelewa, geti la nyumba ni bomba nene na linataka moto mkubwa, bodi ya gari ni bati jembamba na ukilipa moto mkubwa linatoboka. Mashine ndogo ina kitufe cha kuzungusha, unapandisha na kushusha moto upendavyo. Ile kubwa ina hatua chache tu, na hatua yake ya chini kabisa bado ni kali kwa bati la gari.

Nilielewa. Nasisitiza hili kwa sababu ndilo lililonitafuna. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua wazi kwamba mashine yetu ni ndogo.

Baba Mkubwa Yoeli, kaka mkubwa wa Baba, ndiye aliyesimamia kukatwa kwa miti. Alikuwa mtu mrefu, mzee wa kanisa, mwenye koti la sufu alilovaa hata jua likiwaka, na watu walimheshimu. Alisema miti imeota kwenye ardhi ya ukoo, kwa hiyo kitakachonunuliwa kitachaguliwa na ukoo. Mama alikuwa mkwe tu, hata kama ndiye aliyejua kuchomelea. Hilo la mwisho hakulisema, lakini nimelipima miaka yote na sioni maana nyingine.

Hapa lazima niwaambie jinsi tunavyonunua chuma mlimani kwetu. Jembe halinunuliwi kwa macho. Mzee akifika kwa muuza majembe anaokota kokoto, analining'iniza jembe kwenye kidole kupitia lile tundu la mpini, anagonga, halafu anainamisha kichwa. Jembe zima linaimba, na sauti yake inachelewa kufa. Lenye ufa linatoa mlio mfupi na kunyamaza. Akisharidhika na sauti anapima uzito kwa mkono, na lililo zito ndilo linalochukuliwa. Kwa jembe, panga na shoka hiyo ni akili safi, na mimi mwenyewe nanunua jembe hivyo hivyo hadi leo. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Ila kuna mtu mwenye akili ya jembe ambaye haamini kwamba ipo akili nyingine duniani.

Tulikwenda siku ya soko. Mama alinisuka nywele asubuhi nje ya nyumba, nami nikavaa gauni la kanisani. Baba Mkubwa alitangulia na wadogo zake wawili, na nyuma yao walikuja vijana wanne wa ukoo wakibeba mti mmoja wa mkaratusi, mnene kama paja langu, uliomenywa gome na bado unatoa ile harufu kali ya majani yake, pamoja na kamba za katani. Nikadhani wanaupeleka sokoni kuuza. Niliufurahia kwa sababu ulinuka kama Baba akitoka shamba. Tulishuka hivyo mpaka Mlalo, mimi nikirukaruka.

Vijana waliuegemeza mti kwenye ukuta wa duka wakachuchumaa kivulini. Sisi tuliingia ndani. Mashine mbili zilikuwa chini ya kaunta, kama Mama alivyochora. Baba Mkubwa aliinua ile ndogo kwa mkono mmoja, akaipandisha na kuishusha, na uso wake ukajaa huruma kama mtu aliyeshikishwa kuku mgonjwa. Akaiweka chini, akatoa kokoto mfukoni. Alikuja nayo kutoka nyumbani. Akagonga.

"Inasema debe," alisema.

Wadogo zake walicheka. Muuzaji naye akacheka, maana alikuwa mfanyabiashara. Baba Mkubwa akagonga ile kubwa, na kweli, siwezi kuidhulumu, ilitoa mlio mzito uliokwenda mpaka kwenye mabati ya paa. Akakubali kwa kichwa taratibu, kama anavyofanya kwaya ikimaliza vizuri.

Mama alisema mara moja tu. "Shemeji, mashine haigongwi. Inawashwa."

"Tutaiwasha nyumbani," alijibu, bila ukali wowote. Halafu akageuka akaniita. "Naomi, wewe unaimba kwaya ya watoto. Una masikio mazuri kuliko sisi wazee. Hebu chukua. Ipi ina sauti?"

Akaniwekea kokoto kiganjani. Duka zima lilikuwa linanitazama, na watu waliokuwa mlangoni wakasogea. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza jambo mbele za watu. Nikagonga ndogo, nikagonga kubwa. Nikageuka nikamwona Mama. Hakunikonyeza wala kutikisa kichwa. Alinitazama tu, na mimi nikajua ninachopaswa kuongeza. Ningesema, ina sauti hii kubwa lakini inayotufaa ni ile ndogo. Maneno yalikuwepo mdomoni, ninayakumbuka yalivyokaa. Lakini Baba Mkubwa alikuwa amenishika bega, na mkono wake ulikuwa wa moto, na nilikuwa na mwaka mzima bila mkono wa baba begani.

"Hii kubwa," nikasema.

"Mtoto amechagua," alisema Baba Mkubwa, akiwatazama watu wa mlangoni. Wakapiga makofi. Nikapiga na mimi.

Niliiona safari ya kurudi kama harusi. Waliifunga mashine kwa zile kamba wakaining'iniza katikati ya ule mti, wawili mbele wawili nyuma, na kila walipobadilisha bega waliimba. Kila nyumba tuliyopita watu walitoka. Wamama waliweka majembe chini wakauliza ni nini kile, na Baba Mkubwa aliwajibu kwa Kishambaa, kwa sauti ya kusikika bonde zima, kwamba ukoo umemnunulia mjane mashine. Mimi nilitembea mbele kabisa. Mama alikuja nyuma akiwa ameshika kiboksi cha vijiti vya kuchomelea, na sikugeuka nyuma hata mara moja.

Aliiwasha kesho yake, mbele ya watu wote. Alivaa ule uso wake mweusi wa kioo cha kukinga macho, akagusisha kijiti kwenye kipande cha bomba. Mashine ikanguruma, taa ya jikoni ikafa mpaka ukabaki uzi mwekundu, na kijiti kikanata kwenye chuma. Akakibandua. Akagusisha tena, kikanata tena. Kutoka nyumba za chini tulisikia redio zikikatika moja baada ya nyingine.

Msifikiri alikata tamaa. Alijaribu kwa miezi mitatu. Alifanya kazi saa nne asubuhi, wakati watu wote wako shamba na umeme una nguvu kidogo. Hapo mashine ilishika, lakini siyo kwa nguvu ya kuunga geti likaunganika kweli. Geti la kwanza alilotengeneza lilibanduka bawaba. Akageukia magari, na dereva mmoja akamletea mlango wa pikapu wenye kutu. Mama akaweka hatua ya chini kabisa, kama alivyonieleza siku ile kwa mkaa, na kama alivyonieleza, bati likatoboka. Kila alipoziba tundu moja alifungua mawili. Yule dereva aliondoka na mlango wake, na madereva wanaongea wao kwa wao. Kwa hiyo mageti yalitaka moto ambao waya wetu haukuweza kuutoa, na magari yalitaka moto mdogo ambao mashine haikuujua. Katikati hapo hapakuwa na kazi ya kuishi.

Mtu aliyekuja kulalamika kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Baba Mkubwa. Televisheni yake ilizimika kila Mama alipogusisha kijiti. Alikuja na majirani wawili, akasimama uani, nami nilikuwa narudi na ndoo ya maji kichwani. Mama akamwamkia. Akaitikia marahaba, halafu akasema, "Mama Naomi, utatuunguzia vyombo vyetu. Mashine siyo yetu sisi. Ni hiyo aliyochagua mwanao."

Majirani walinitazama. Sikuitua ndoo. Nakumbuka maji yakinimwagikia usoni kidogo kidogo, na nikashukuru, kwa sababu yalifunika mengine.

Mama aliondoka kwenda kwenye chai wiki ya pili ya likizo. Alifunga nguo zake kwenye khanga ile yenye harufu ya moshi. Kabla hajashuka njiani aliinama akanishika mashavu. "Siyo wewe, ng'wanangu," alisema. Nikadhani ananifariji tu. Watu wazima huwaambia watoto hivyo hivyo hata mtoto akiwa amevunja sahani mbele ya macho yao.

Nilikaa kwa Baba Mkubwa miaka sita. Ningependa niwaambie alinitesa, ingenirahisishia. Hakunitesa. Nilikula walichokula watoto wake, sare yangu haikuchanika, nikiugua alinibeba mgongoni mpaka zahanati. Mashine waliihamishia barazani kwake, ikawa kigoda cha wageni. Kuku mmoja mweupe alitagia nyuma yake kila msimu. Na kila mgeni alipoikalia, Baba Mkubwa alinionyesha kwa kidole na kusema, "Huyu ndiye aliyetuchagulia." Wageni wakicheka nami nilicheka, nikawapelekea chai. Niwaambie ukweli, chai ile sikuwahi kuinywa. Nilisema inanichefua, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mama alikuja mwisho wa mwezi, akipata nafasi. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa majani, weusi usiotoka hata kwa ndimu. Nililala nimeweka pua shingoni mwake kama zamani na sikumpata. Alinuka majani mabichi. Moshi ulikuwa umekwisha kabisa kwenye khanga, na nilijua ni nani aliyeumaliza.

Hivyo ndivyo nilivyokua. Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda kusomea kazi ile ile aliyoisomea yeye, na walimu walisifu bidii yangu. Haikuwa bidii. Nilikuwa ninalipa.

Sasa turudi dukani Lushoto. Nilikuwa nimekuja na mfuko wenye vitu vitatu. Kipande cha bomba la geti, kipande cha bati la mlango wa gari, na waya mrefu mwembamba wa mita nyingi, niliouzungusha makusudi ili umeme ufike umechoka kama unavyofika kwetu. Nilimwambia yule kijana achomeke mashine ndogo kwenye mwisho wa ule waya. Alishangaa kidogo, akafanya. Nikaunga bomba, mshono ukakaa. Nikashusha moto, nikaunga bati, halikutoboka. Nikamwambia nachukua hii. Lakini muuzaji ni muuzaji, akanirudisha kwenye ile kubwa aliyokuwa akiigonga.

"Dada, usiogope uzito. Ukiichagua hii nakuitia vijana hapo nje. Wanakuja na mti na kamba, wanakufikishia mpaka kwenye gari."

Nikamwomba arudie. Akarudia, neno kwa neno, akidhani ninashawishika.

Ukichagua, ninaita vijana. Vijana wanaitwa baada ya kuchagua. Mti unatafutwa baada ya kuchagua. Nikakaa juu ya mfuko wa saruji. Niliuona ule mti wa mkaratusi umeegemezwa ukutani Mlalo, mweupe, umemenywa, umekatwa kwa urefu wa wanaume wanne. Mashine ndogo ilikuwa na mkanda wa begani. Hakuna anayekata mti, akaumenya gome, akakusanya vijana wanne na kamba za katani, akashuka nao mlima wote ule, kwenda kuchukua kitu cha kubebwa begani na mwanamke mmoja. Walikuwa wamekwisha kuchagua. Walichagua kabla sijavaa gauni langu, na mti wenyewe ulitoka kwenye shamba la Baba. Kokoto waliyonipa haikuwa ya kuchagua kitu. Walitaka tu jina la kuliweka juu ya uchaguzi wao, na jina la mtoto ni jepesi kubebeka.

Miaka kumi na tano nimeibeba lawama ile. Yule kijana akaniuliza kama naumwa.

Nilipanda nyumbani siku hiyo hiyo, mashine begani. Njia inapita mbele ya kwa Baba Mkubwa. Alikuwa barazani, amezeeka, koti ni lile lile. Nikamwamkia, akaitikia, akaniita nimwonyeshe nilichobeba. Akakunja kidole akagonga mfuniko.

"Kadebe," akasema, akitabasamu.

"Baba Mkubwa, ule mti wa kubebea mashine mliukata lini?"

"Mti upi?"

"Wa mkaratusi. Siku tuliyokwenda kununua mashine ya Mama."

Alifikiri. Ninaamini kabisa alifikiri, hakuwa anajificha. "Ile uliyochagua wewe?" akauliza. Halafu macho yake yakang'aa. "Ilipendeza sana ilivyokuwa inapanda. Watu walisimama njia nzima."

Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Lushoto, makali, mengine ya Kishambaa kwa sababu yanauma zaidi. Nikamtazama yule mzee anayefurahia, nikaona hakuna pa kuyatupia. Hata kosa lenyewe hakuwa nalo, alikuwa amenikabidhi mimi muda mrefu uliopita, na yeye akabaki na sherehe. Nikaaga. Mpaka sasa ninajuta kwamba niliaga.

Mama alikuwa jikoni. Ameacha kazi ya chai kitambo, vidole vimetakata. Nikaweka mashine chini, nikamuuliza kama siku ile aliuona ule mti.

"Niliuona. Walikuwa wanaumenya pale chini wakati nakusuka nywele."

"Na hukuniambia."

Alikuwa anakata mnavu, akaumaliza wote, akaweka kisu. "Ulikuwa unakwenda kukaa kwake, Naomi. Nilishajua. Mtoto akimchukia mwenye nyumba, chakula anakilaje? Nikakwambia siyo wewe. Nilifikiri ukikua utaelewa."

Nimekua na nimeelewa. Aliona heri nijilaumu mwenyewe, maana mtoto anayejilaumu hutulia, hula, husoma. Mwenye hasira na mwenye nyumba hufukuzwa. Alinichagulia kati ya mizigo miwili akanipa ule nitakaoweza kuishi nao katika nyumba ya watu. Mnaweza kusema ni upendo, na mimi nasema hivyo hivyo. Lakini siku hiyo jikoni nilimkasirikia na yeye pia, na sikumficha, akakubali kwa kichwa kama mtu anayepokea kitu alichokuwa akikisubiri.

Jioni ilikuwa imeingia, saa ile ile mbaya, watu wote wametoka shamba na taa yetu imekuwa njano. Nikasema vizuri, tuijaribu sasa hivi. Nikachomeka kwenye nguzo ya mwisho, nikavaa kioo, nikagusisha kijiti kwenye bomba. Kikashika. Nilipoinua kioo nikamkuta Mama hatazami chuma. Alikuwa amesimama mlangoni anatazama taa ya jikoni, ambayo haikuwa imetikisika.

"Nipe," akasema.

Nikampa kioo na glavu. Hakuwa amegusa kijiti tangu mwaka ule. Alipiga magoti, akazungusha kitufe kidogo, akasikiliza moto, akazungusha tena, akaanza. Moshi ukapanda ukaingia kwenye khanga yake. Alipomaliza nilichukua nyundo nikabandua ganda, nikauangalia mshono wake kando ya wangu. Wake ulikuwa umenyooka kuliko wangu, mwembamba, sawasawa toka mwanzo mpaka mwisho, kazi ya mkono uliopelekwa kuchuma chai, na hapo ndipo nilipokasirika kuliko siku zote.